Gasketi Haiungui Bure

(Mazungumzo yaliyotolewa Sengerema mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Katibu aliponiomba nizungumze, aliniambia nichague jambo litakalowafaa wote, tangu mzee mwenye lori hadi kijana wa Kidato cha Pili. Mimi ni mtumishi wa Serikali, na kwa kazi yangu hati nyingi za matengenezo ya magari hupitia mikononi mwangu. Katika hati hizo kuna maneno matatu yanayojirudia mwaka baada ya mwaka: gasketi ya hedi. Kwa hiyo nimechagua kuzungumzia gasketi hiyo, hasa katika injini kubwa za dizeli zenye tabo, zile zinazovuta malori yanayopita katika mji wetu usiku na mchana.

Nitasema jambo moja tu, na mengine yote yatakuwa maelezo yake. Gasketi haiungui bure. Ikiungua, kuna kitu kingine kilichoharibika kabla yake. Anayebadilisha gasketi bila kukitafuta kitu hicho amemfukuza mjumbe, na aliyemtuma bado amekaa ndani ya injini.

Kazi ya gasketi

Kwa wale ambao hawajapata kuona injini imefunguliwa, nieleze kidogo. Injini ina sehemu mbili kubwa za chuma. Chini ni bloku, yenye silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka. Juu ni hedi, ambayo huzifunika silinda hizo na kubeba valvu na nozeli. Injini nyingine zina hedi moja ndefu. Nyingine, kama injini nyingi za Scania, zina hedi moja kwa kila silinda. Kati ya bloku na hedi hulazwa gasketi, bamba jembamba lenye matundu. Bamba hilo lina kazi tatu kwa wakati mmoja: kuuzuia moto wa silinda usitoke, kuyazuia maji ya kupozea yasiingie mahali pasipo pake, na kuizuia oili isikutane na maji. Moto, maji na oili hupita karibu karibu, na mlinzi wao ni huyo mmoja.

Sasa tuone mlinzi huyo anabeba nini. Injini ya dizeli haina plagi za kuwasha moto. Mjerumani Rudolf Diesel, aliyefaulu kuiendesha injini yake mwaka 1897, alitumia njia ya kuibana hewa mpaka ipate joto la kuyawasha mafuta yenyewe. Mwaka 1905 Mswisi Alfred Büchi alipata hati ya uvumbuzi wa kutumia moshi wa eksozi kuzungusha feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Hiyo ndiyo asili ya tabo. Hewa ikizidi, dizeli nayo yaweza kuzidishwa, na nguvu hupanda bila injini kuwa kubwa zaidi. Lakini mgandamizo ndani ya silinda nao hupanda.

Vijana, chukueni kalamu. Injini ya Scania ya lita 13 ina silinda yenye kipenyo cha milimita 130. Eneo la duara hilo ni sentimeta za mraba 133 hivi. Tuseme dizeli inapowaka mgandamizo hufikia mara 160 ya ule wa hewa ya kawaida, jambo ambalo si geni katika injini za namna hiyo. Ukizidisha, utaona kwamba hedi husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa tani zaidi ya 21, na hiyo ni kwa silinda moja. Injini ikizunguka mara 1,800 kwa dakika, pigo hilo hurudiwa mara 15 kila sekunde katika kila silinda. Kinachoizuia hedi isiinuke ni bolti zake, na gasketi hubanwa hapo katikati.

Mkiyashika mahesabu hayo, mtaelewa pia jinsi gasketi inavyouawa. Huuawa kwa njia tatu: kwa joto, kwa nguvu iliyozidi, na kwa mkono wa fundi asiyepima.

Joto, na maji yanayochemka kwa nyuzi 96

Nianze na joto, maana ndilo linaloua nyingi kuliko yote.

Wengi wetu tulipochemsha maji katika maabara ya Fizikia tuliona kipimajoto kikisimama kwenye nyuzi 96 hivi, na kitabu kilisema 100. Wako walioandika 100 ili wafanane na kitabu. Lakini kipimajoto hakikudanganya. Kitabu kilisema habari za usawa wa bahari, na sisi tuko juu: uso wa Ziwa Victoria uko kiasi cha meta 1,134 juu ya bahari. Kadiri unavyopanda, hewa inayoyakandamiza maji hupungua, na maji huchemka mapema zaidi. Hapa kwetu sufuria isiyofunikwa sawasawa huchemka kwa nyuzi 96.

Basi, injini ya lori hufanya kazi vizuri maji yake yakiwa kati ya nyuzi 80 na 95 hivi. Linganisheni hizo namba mbili: 95 na 96. Lau rejeta ingekuwa sufuria ya kawaida, lori lenye mzigo lingekuwa limebakiwa na uzi mmoja tu kabla ya kuchemsha. Kinacholiokoa ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko hicho kina springi na raba, na kazi yake ni kushika mgandamizo ndani ya rejeta. Kikishika mgandamizo unaokaribia ule wa hewa ya kawaida, maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 115. Kwa hiyo kifuniko kizima kinakupa akiba ya nyuzi 20, na kifuniko kibovu kinakuachia uzi mmoja.

Ndugu zangu, nendeni barabarani mkahesabu malori yaliyofungwa kitambaa na mpira wa tyubu mahali pa kifuniko. Dereva anaona maji hayamwagiki, akaridhika. Lakini ndani ya hedi, kandokando ya valvu ambako joto ni kali kupita kote, maji huanza kuwa mvuke. Mvuke haupozi chuma kama maji. Sehemu hiyo hupata joto kuliko jirani zake, hutanuka, hukosa nafasi, na hedi hupinda au hupasuka. Gasketi iliyobanwa kupita kiasi wakati wa joto hubaki imelegea injini inapopoa. Siku chache baadaye inaungua, na watu husema gasketi ilikuwa feki. Huenda ilikuwa feki kweli, maana spea feki zipo tele, lakini hata ile halisi isingedumu.

Njia nyingine za joto ni hizi. Kwanza, rejeta kuziba kwa nje. Wakati wa pamba nyuzi zake hujaa kwenye mapezi, na kando ya ziwa wako wale wadudu wadogo wanaotoka majini kwa makundi kama moshi. Kwenye lori lenye tabo kuna pia intakula, ile inayoipoza hewa, nayo hukaa mbele ya rejeta. Uchafu huingia katikati ya hizo mbili, mahali ambapo ukisimama mbele ya gari huoni kitu. Pili, mkanda wa feni uliolegea na pampu ya maji iliyochoka. Tatu, themostati kutolewa na kutupwa. Fundi anasema, tumeitoa ili maji yapite vizuri. Lakini katika injini nyingi themostati ikifunguka huifunga pia njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupozwa. Mtu aliyetaka kuipoza injini ameichemsha.

Nne, maji yenyewe. Wapo wasemao kwamba dawa ya rejeta ni ya Ulaya, kwa sababu kwetu maji hayagandi. Ni kweli hayagandi. Lakini dawa ile huzuia kutu, huyafanya maji yachelewe kuchemka, na huzilinda sleevu zinazogusana na maji zisitobolewe na viputo. Maji ya kisima yenye chumvi huacha magadi ndani ya njia zake kama yale mnayoyaona ndani ya birika. Magadi hayo ni blanketi, na hakuna anayeivisha injini blanketi akatumaini itapoa.

Nguvu iliyozidi

Njia ya pili nimekwisha kuigusa. Fundi akiifungua pampu ya dizeli, au kwa injini za siku hizi akiichezea kompyuta yake, ili lori lipande kwa kasi, anapandisha mgandamizo. Ukipanda kutoka mara 160 hadi mara 190, kila silinda imeongezewa tani 4 za kuisukuma hedi. Bolti ni zile zile, gasketi ni ile ile. Moshi mweusi ambao madereva wengine hujivunia ni dizeli iliyokosa hewa ya kuiteketeza. Lori hilo linakula fedha za tajiri na kuichoma hedi kwa wakati mmoja.

Mzigo nao ni nguvu. Sheria ya Afrika Mashariki ya Kudhibiti Uzito wa Magari ya mwaka 2016 imeweka mwisho wa tani 56 kwa gari zima pamoja na mzigo wake. Watu huichukulia sheria hiyo kuwa ni ya kulinda lami. Ndiyo, hulinda lami, lakini hulinda injini pia. Lori linalotoka Mwanza kwenda Dar es Salaam lina zaidi ya kilometa 1,100 mbele yake, na mlima Sekenke haumhurumii mtu. Aliyezidisha mzigo huyapandisha makosa yake yote kwa pamoja: mzigo mwingi, mwendo wa polepole, upepo kidogo kwenye rejeta, na tabo inayolia mpaka juu.

Mkono usiopima

Njia ya tatu ni ufungaji. Hedi haifungwi kwa nguvu za mkono na kukisia. Kila mtengenezaji ameandika katika kitabu chake mpangilio wa kufunga bolti, kwa kawaida kuanzia katikati kwenda pembeni, na kwa awamu, si kwa mara moja. Hutumika spana ya kupimia, ambayo mafundi huiita toki renchi, na katika injini nyingi awamu ya mwisho hupimwa kwa pembe. Bolti ya hedi hufanya kazi kwa kuvutika kidogo, kama raba. Iliyovutika kupita kiasi hairudi tena, na ukiitumia upya itabana kwa uongo. Kwa hiyo kitabu kikisema zibadilishwe, zibadilishwe.

Kabla ya kufunga, uso wa hedi na wa bloku upimwe kwa rula iliyonyooka na fila geji. Mwinuko wa sleevu juu ya bloku upimwe pia, maana sleevu iliyozama kwa sehemu ndogo ya milimita huinyima gasketi ubanaji mahali panapohitajika zaidi. Matundu ya bolti yakaushwe, kwa sababu oili iliyobaki humo haibaniki na yaweza kuipasua bloku. Uso usafishwe kwa uangalifu bila kusagwa kwa mashine ya mkono, na gasketi za chuma za siku hizi zisipakwe gundi kama kitabu hakikusema. Na ninyi mtakaokwangua gasketi za injini za zamani, jueni kwamba nyingi zilitengenezwa kwa asbestosi. Zilowesheni kwanza, wala msipulize vumbi lake, maana huua mapafu.

Lori lililobadilishiwa gasketi tatu

Nitatoa mfano mmoja bila kuitaja ofisi. Lori moja la umma lilibadilishiwa gasketi mara tatu katika muda usiozidi miezi 14. Kila mara dereva aliandika kwamba limechemsha, na kila mara gereji iliandika kwamba gasketi ibadilishwe. Mara ya tatu ikapendekezwa dereva akatwe mshahara kwa uzembe. Mzee huyo, mtu wa miaka mingi kazini, hakugomba. Aliomba kitu kimoja tu: kabla ya kukatwa, injini ipimwe mbele yake.

Ikapimwa. Kifuniko cha rejeta hakikuwa cha gari lile, wala hakikushika mgandamizo wowote. Themostati ilikuwa imetolewa, na hapakuwa na maandishi ya aliyeitoa. Hedi ilipowekewa rula ilionekana imepinda kupita kiwango cha kitabu. Maana yake ni kwamba gasketi mpya zilikuwa zikifungwa juu ya hedi iliyopinda, na fedha za wananchi zikiungua pamoja nazo. Mzee hakukatwa mshahara. Hedi ilichongwa, kifuniko halali na themostati vikanunuliwa, na mpaka nilipohama ofisi hiyo miaka miwili baadaye injini ile ilikuwa haijafunguliwa tena.

Nawaeleza haya kwa sababu hapa wamo wengi wenye mamlaka ya kusaini. Gasketi ikiungua, mtu wa kwanza kulaumiwa ni yule aliyeshika usukani, kwa kuwa ndiye aliyekuwapo. Pengine kweli alizembea. Lakini kabla ya kuukata mshahara unaolisha watoto, tuulize maswali matatu: maji yalikwenda wapi, hedi ilipimwa na nani, na kwa kipimo gani? Hati isiyo na majibu hayo isipitishwe.

Daraja limekuja

Ndugu Mwenyekiti, ninyi nyote mnakumbuka foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi. Ilikuwa kero, na hakuna anayeitamani irudi. Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, lilifunguliwa Juni 19, 2025, na tangu hapo lori linatoka Mwanza linapita Sengerema na kuendelea hadi Geita, Biharamulo na mpaka wa Rusumo bila kungoja maji wala boti. Lakini foleni ile, pamoja na ubaya wake, iliilazimisha injini kupumzika. Wakati wa kungoja, utingo alizunguka gari, akachungulia chini, akaona tone la maji mahali lilipotoka. Sasa hakuna anayemlazimisha. Mapumziko ambayo kivuko kilitupa kwa nguvu, sasa lazima tuyachague wenyewe.

Kwa hiyo madereva wayashike haya. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, kagua maji kabla ya kuwasha. Baada ya kupanda mlima na mzigo, usiizime injini ghafla. Iache iungurume taratibu dakika 3 hadi 5 ili tabo na hedi vipoe. Mshale wa joto ukipanda, punguza mwendo, tafuta mahali salama, usimame. Usifungue kifuniko cha rejeta ya moto. Mmekwisha kujifunza sababu yake: maji yaliyo ndani yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100, na yakikutana na hewa yetu ya nyuzi 96 yatalipuka kuwa mvuke usoni mwako. Vijana wengi wa utingo wameunguzwa hivyo. Wala usimwage maji baridi ndani ya injini ya moto, utaipasua hedi. Ngoja ipoe.

Na dalili za gasketi iliyoanza kuungua ni hizi: maji kupungua bila kuvuja, viputo visivyokwisha ndani ya rejeta, hozi kuwa ngumu muda mfupi tu baada ya kuwasha, moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata joto, na oili kugeuka rangi kama chai ya maziwa. Ukiona mojawapo, usiseme tutafika tu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa injini ni ghali.

Kwa wadogo zetu

Namalizia na ninyi wanafunzi. Yote niliyosema leo, tangu eneo la duara hadi kuchemka kwa maji, mnayo katika madaftari yenu. Hamna sababu ya kufikiri kwamba Fizikia ni ya mtihani na gereji ni ya walioshindwa. Malori yanayoleta dawa hospitalini, mbolea vijijini, na yanayopeleka dagaa na pamba zetu sokoni, yanamngoja fundi anayepima na mhandisi asiyeona haya kuchafua mikono. Wanaotaka kwenda VETA waende kwa fahari, na wanaotaka Chuo Kikuu waende, lakini wote wawili wajue kusoma kipimo na kuandika walichokiona, hata kama kitabu kinasema vingine.

Ndugu Mwenyekiti, nimependekeza kwa kamati yetu kwamba mchango wa mwaka huu ununue vitu vinne kwa ajili ya maabara ya shule: toki renchi moja, rula ya chuma iliyonyooka, fila geji, na pampu ya kupimia vifuniko vya rejeta. Si vitu vya anasa. Kijana akivizoea hapa, hatakubali kukisia huko aendako. Naomba mliunge mkono pendekezo hilo jioni hii, kabla hatujatawanyika.